Githeri ya leo mchana

Leo nimekula mbegu za mama yangu.

Tulimzika mwezi jana. Tangu asubuhi tunafunga vitu vyake hapa Kitale, tuvihamishie kwangu Bungoma.

Mchana wifi yangu akapakua githeri, mahindi na maharagwe. Tamu kweli. Nikamuuliza maharagwe ametoa wapi.

"Kwa ule mkebe chini ya kitanda."

Mkebe wa mbegu! Mama alizichagua moja moja, akazihifadhi kwa majivu. Nilitaka kuzipanda msimu huu.

"Wifi, majivu hukuyaona?"

"Niliyaona. Si nikaosha vizuri."

Ati akaosha vizuri.

Nimekasirika mpaka kamba inanishinda kufunga. Mngemjibu nini? Hakuna hata mbegu moja iliyobaki, na sahani ya mwisho niliiomba mimi.