Mkwe Dirishani

Mume wangu alisoma kompyuta Mwanza miezi mitatu, na tangu hapo nyumba yetu haijapumzika. Redio ikikwaruza ataifungua, na akishaifungua haikwaruzi tena, maana haisemi kabisa. Majirani hapa Bariadi wanamwita mtaalamu. Wacha wamwite, hawaishi naye.

Mama yangu alikuja kwetu kutoka Mwanhuzi, njiani kwenda Mwanza kupasuliwa koo. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba uvimbe umekaa pabaya na huenda akitoka pale asiongee tena. Safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: sauti yake ibaki, wanangu wakikua wamsikie bibi yao akiwataja mmoja mmoja na kuwabariki.

Nikasema nitamrekodi kwa simu. Mtaalamu akacheka.

"Simu? Simu ni ya kurekodia vigoma vya harusini!"

Akaleta maiki aliyoinunua mjini, nyeusi, ina mguu wake, akaichomeka kwenye kompyuta ya sebuleni. Kamera ndogo iliyokuwa juu ya skrini aliona inamsumbua, akaisogeza pembeni, akaiegesha dirishani. Akanionyesha pa kubonyeza, kisha akatoka mbio, maana mama alikuwa anakuja.

Kwa Wasukuma wa rika la mama yangu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, wala hawasemeshani. Miaka yote ya ndoa yetu salamu zao zimepitia kwangu: huyu akiingia mbele, yule anatokea uani. Mila hiyo naiheshimu. Ila mtu mwenye akili angejiuliza, kazi ya kumrekodi mama mkwe naiwezaje nikiwa nje? Huyu wangu hakujiuliza. Alijibanza ukutani, chini ya dirisha, aniongoze kwa makelele.

Mama akaanza. Jamani! Alimtaja kila mtoto na siku aliyozaliwa, nani alitanguliza miguu, nani alilia mpaka ng'ombe wakashtuka zizini. Akawabariki. Muda wote huo, nje: "Umebonyeza? Mwambie asogee! Msiguse meza!"

Tukasikiliza. Sauti ya mume wangu ilitoka safi kama ya mtangazaji wa mnada, kila neno. Ya mama ilikuwa mbali kabisa, kama mtu anayeita ng'ambo ya shamba la pamba.

"Maiki feki hiyo," akasema mtaalamu kutoka nje. "Wametuingiza mjini."

Nikaigonga maiki kwa kidole. Kile kimstari cha sauti kwenye skrini hakikutikisika. Mume wangu akapiga chafya huko nje. Kimstari kikaruka mpaka juu. Ndipo nikaelewa. Kamera nayo ina sikio lake, na kompyuta ilikuwa inasikiliza kamera, pale dirishani, juu ya kichwa chake. Miezi mitatu Mwanza! Nikapekua mpaka nikapaona pa kuchagua sauti iingilie wapi, nikachagua maiki. Mama akakohoa, kimstari kikapanda. Nikaona raha ya ajabu.

"Mayu, mama yangu, samahani, tuanze upya."

Alikuwa amechoka, mkono ameuweka shingoni. Lakini akakubali, akasogea; nikabonyeza, naye akavuta pumzi amtaje mjukuu wake wa kwanza.

"Mwambie aongeze sauti!" ikaja kutoka dirishani.

Mama akageuka. Sijawahi kumwona hivyo. Kwa Kisukuma chake kizito akafoka:

"Wewe! Mkwe gani unabweka dirishani? Tangu umuoe mwanangu sijakusemesha, leo umenilazimisha. Nyamaza, niongee na wajukuu zangu!"

Nikasikia hatua zikienda kasi kuelekea barabarani. Mama akajishika koo, na alipofungua mdomo tena alitoa mkwaruzo tu.

"Nimechoka, mwanangu," akanong'ona. "Mengine nitasema nikirudi."

Alirudi. Mungu ashukuriwe, alirudi mzima, na kovu lake, na mikono ya kuongelea. Sauti ilibaki huko huko Mwanza. Nami kwa mume wangu sikuwa na neno zuri. Nilimpakulia ugali nikamwachia mezani, akala na utaalamu wake.

Siku moja mama akainyooshea kompyuta kidole. Nikajifanya sioni. Ningemsikilizisha nini? Ile ya kwanza ilikuwa makelele ya mume wangu, ya pili matusi. Akanyoosha tena, akapiga meza. Mume wangu, aliyekuwa chumba cha pili, akatokea uani upesi. Nikafungua ile ya pili.

"Wewe! Mkwe gani unabweka dirishani?"

Mama alishtuka, kisha akacheka. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtiririka, mdomo ukafunguka wote, na chumbani hakukusikika kitu ila sauti yake ile ikimgombeza mume wangu.