Fundi Aliyepiga Hodi Mara Tatu

Meza ninayoandikia maneno haya imefiwa. Mikono iliyoichonga tuliizika Changamwe juma lililopita, nje ya ua wa makaburi ya kanisa, na tangu siku ile kila nikiegemeza viwiko juu ya ubao huu naona haya kidogo, kama mtu aliyekalia kiti cha marehemu. Asubuhi ya mazishi alinijia fundi cherehani ambaye kibaraza chake chatazamana na karakana ya yule aliyekufa. Alikuja hadi mlangoni kwangu, utepe wa kupimia bado u shingoni, akasema, "Fundi mwenzangu ametutoka." Kisha mtu huyu asiyepungukiwa na maneno akaduwaa. Najua alichokuwa akikitafuta. Kwetu pwani mtu akifa ulimi una njia zake: Mwislamu tunamwombea rehema, Mkristo tunasema amelala katika Bwana. Kwa marehemu huyu njia zote mbili zilikuwa zimefungwa, naye ndiye aliyezifunga kwa mkono wake. "Wallahi sijui nimuombee vipi," alisema fundi cherehani mwishowe, akaketi kizingitini pangu akalia.

Wasomaji wangu, wengi wenu mlimjua bila kujua. Mkiketi katika kanisa lile dogo ng'ambo ya reli, mabenchi ni yake. Mkiwachukua maiti wenu kutoka msikiti ulio karibu na kisima, jeneza mnalolitia begani ni lake, na upande wa kulia ameulainisha zaidi kwa sababu, alisema, huko ndiko wazee hupenda kushika. Lakini yeye hakuketi katika mabenchi yale wala hakusimama katika safu zile. Kabla ya kushika randa alikuwa mwalimu wa kanisa huko vilimani kwao, miaka kumi na miwili akifundisha watoto kusoma na wazee kusali. Siku moja akaurudisha ufunguo wa kanisa kwa padri, akateremka Changamwe na mkewe, akafungua karakana. Mkewe aliendelea kusali kila Jumapili. Yeye alimsindikiza hadi langoni, akarudi nyumbani kupika chai, na hawakugombana juu ya jambo hilo hata siku moja niliyoisikia mimi.

Kukaa kwake bila dini kuliuudhi mtaa. Sisi tumezoea watu wanaohama. Nimemwona kijana wa bara akishuka garini na jina la ubatizo, na mwaka haujaisha amevaa kofia ya viua na kuitwa jina jipya, kwa kuwa amempenda binti wa Kiislamu wa Kisauni. Nimemwona mwingine akiivua kofia hiyo hiyo ili mwanawe apokewe shule ya misheni. Hatuwacheki. Twasema ni mapenzi, ni riziki, ni dunia. Lakini mtu atokaye asiingie popote hutuchoma rohoni, kama mgeni aliyekataa chai katika nyumba zote za mtaa. Kwa hiyo kila mmoja alimvutia kwake. Nakumbuka alasiri moja nilipokwenda kuitazama meza hii, haijapigwa msasa bado, nikawakuta karakanani watu wawili: fundi cherehani, na mjomba wa marehemu aliyeteremka kutoka vilimani na kapu la nazi.

"Fundi," fundi cherehani alikuwa akisema, "umeachana na padri, sawa. Mtu akiachana na mke, haoi tena? Njoo kwetu. Kanzu nitakushonea mimi mwenyewe."

"Kanzu yako ya mwisho ilinibana kwapa."

"Ile ilikuwa ya wakati wa vita, kitambaa chatolewa kwa kipimo! Mimi nasema nawe habari za akhera, wewe wanijibu kwapa?"

"Mwacheni," mjomba akadakia. "Huyu ni wa koma. Wazee wake waliokufa ndio wanaomsumbua, kwa kuwa hawamwagii tembo la mnazi."

"Na tembo lile mjomba, mkisha kumwaga tone, chupa iliyobaki hunywa nani?"

"Twanywa sisi."

"Basi nyweni, mjomba. Sijawazuia."

Tulicheka, na mjomba akacheka kuliko sote. Lakini fundi aliiweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao usoni, nami nikajua mzaha umekwisha. "Nyote mwadhani nimegombana na mwenye nyumba," alisema. "Hebu nambieni, nyinyi wenye adabu. Mtu akienda kwa watu hupiga hodi mara ngapi?"

"Mara tatu," alijibu fundi cherehani.

"Asipoitikiwa?"

"Arudi zake. Kuchungulia si heshima."

"Basi mimi nilipiga." Akatuhesabia kwa vidole vyenye makovu ya patasi. Hodi ya kwanza aliipiga mwaka wa njaa, alipowaongoza watu wa kwao shambani kuomba mvua siku tisa, bibi vizee wakisimama juani, na siku ya tisa mmoja wao akaanguka asiinuke. Mvua haikuja, watu wakanong'ona kwamba ni dhambi ya mwalimu iliyoizuia, naye akakubali, akafunga, akatubu makosa hata asiyoyakumbuka. Hodi ya pili ilikuwa ya binti yake wa pekee, aliyeshikwa na homa akiwa na miaka saba, na ambaye sasa amelala katika makaburi ya kanisa hapa Changamwe kwa kuwa walikuwa wamemleta kwa daktari. "Na ya tatu," alisema, "sikuomba kitu. Siku ya arubaini ya mtoto niliingia kanisani peke yangu, adhuhuri. Nikasema, mvua sitaki, mtoto hatarudi, nataka kujua tu kama kuna mtu. Nisikie hata kikohozi. Nikakaa mpaka jua likapinda. Nilichosikia ni mchwa, wakila boriti. Nikaenda kwa padri nikamrudishia ufunguo, na kesho yake nikarudi na msumeno kuibadilisha ile boriti, maana hiyo niliiweza."

Fundi cherehani akasema polepole, "Labda ndiye aliyekuita, fundi. Labda alitaka uitengeneze boriti."

"Labda. Lakini mimi sikuitwa. Nilisikia mchwa."

"Basi piga mlango wetu."

"Kwa nini? Sikuwa natafuta pa kulala. Nilikuwa namtafuta mwenyewe. Na nyinyi, na padri, nyote mwanambia mwenye nyumba ni huyo huyo mmoja, milango ndiyo mbalimbali. Sasa nikishasimama mlango wa mbele nisiitikiwe, nizunguke uani nijifanye mgeni?" Akaichukua randa. "Ningeingia kwako nikasujudu nawe, fundi, ningekuwa nakudanganya wewe. Nawe sina la kukudanganyia."

Nimelikumbuka jibu lile mara nyingi. Tunapomwona mtu ameacha dini, twadhani ana hasira na padri, au kanuni zimemlemea, au kaudhiwa na waumini wenzake. Na kwa kweli mwenye hasira huhama, kwa sababu hasira yake ni kwa watu, na mlango wa pili una watu wengine. Lakini wako wachache ambao hawana ugomvi na mtu. Kilichowaondoka si desturi ya nyumba, ni ile imani kwamba ndani mna mtu. Ukiwaonyesha nyumba nyingine, iliyo nzuri zaidi, yenye udi na nyimbo tamu, umemjibu mtu swali ambalo hakuliuliza. Mimi mwenyewe husali bado, kwa mazoea na kwa hofu na mara chache kwa furaha, wala siandiki haya ili mtu aache kusali. Naandika kwa sababu mtu huyu aliniomba.

Aliniomba siku niliyompeleka hospitali, kifua kikiwa kimejaa vumbi la miaka. Karani wa pale, kijana mpole aliyechoka, alimwuliza jina, kabila, kisha dini.

"Sina."

"Mzee, lazima niandike. Huku kuna chakula cha hawa na cha wale, na mtu akizidiwa lazima tujue wa kuitwa."

"Mwite mke wangu."

"Lakini hapa niandike nini?"

"Andika seremala."

Karani akaandika, sijui kama ni kwa mzaha au kwa huruma. Tulipokuwa tumekaa bandani tukingoja, fundi akanishika mkono. "Nikifa watasema nilitubu," aliniambia. "Watasema kwa mapenzi, si kwa ubaya. Wewe una kalamu, mwanangu. Usiwaache." Nikamwahidi. Ahadi huwa nyepesi unapompa mtu ambaye bado anapumua.

Alifia nyumbani, mchana, mkewe akimpepea nami nimekaa chini mkekani. Neno lake la mwisho alimwuliza mkewe kama gundi imeepuliwa motoni. Ilikuwa imeepuliwa.

Jioni ile ile alikuja mwalimu wa kanisa wa hapa. Ni mtu mwema, na aliye mwema hutia majaribuni kuliko mbaya. Alifundishwa kusoma na marehemu huko vilimani, na macho yake yalikuwa mekundu. Mjane alikuwa na ombi moja tu: mumewe alazwe kando ya binti yao. Mwalimu akakunja na kukunjua kofia yake. "Mama, kanuni inanibana," alisema. "Asiye wa kanisa hazikwi ndani ya ua. Lakini kama mwishoni alitubu... hata kwa ishara. Kama alitikisa kichwa tu, mama. Neno lako latosha, sitauliza zaidi." Nilimwona mjane akitazama mlangoni, upande yaliko makaburi, na niliona uzito wote wa lile aliloombwa: sentensi moja ndogo, na mtu wake angelala alipopataka yeye. Mwalimu akanigeukia. "Nawe ulikuwapo, ndugu yangu. Hukuona kichwa kikitikisika?"

Nataka mlijue hili, wasomaji wangu, maana bila hili safu yote hii ni unafiki. Nilifungua kinywa ili niseme, nimekiona. Uongo ulikuwa tayari ulimini, laini, umepigwa msasa. Nilimwona mama yule na nikamsahau mtu niliyemwahidi, ambaye alikuwa amelala hatua mbili kutoka nilipoketi.

Mjane ndiye aliyeniwahi. "Aliuliza gundi," alisema. "Hakusema jingine. Mwalimu, mume wangu hakupata kuziba ufa kwa nta akaupaka rangi juu. Miaka yote hii mimi naona, alikuwa akiutupa ubao mzima. Leo nimzibe yeye?" Kisha akajifunika uso kwa leso, na mwalimu akatoka nje, tukamsikia akilia chini ya paa la karakana.

Sanduku tulilitengeneza mimi na fundi cherehani, kwa mbao zilizobaki za benchi la kanisa. "Mimi hushona sanda," alinung'unika, "mbao sizijui." Misumari ilipinda, pembe hazikukutana. Lilikuwa sanduku baya kuliko yote yaliyowahi kutoka karakana ile, na kila tulipolitazama tulijua angetucheka. Mwalimu alitupatia mahali nje ya ua wa minyaa, upande ule ule aliko binti, akaja mwenyewe bila kanzu ya kanisa, na jembe begani. Hapakusomwa neno. Sijapata kusimama katika kimya kizito kama kile. Midomo ya fundi cherehani ilikuwa ikitikisika. Mwalimu aliyafumba macho muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa vumbi. Mjomba, alipodhani hatumwoni, alimwaga tone la tembo kwenye udongo mpya. Tulimwona, tukatazama kando. Hata kaburini kila mmoja wetu alikuwa bado anamvutia kwake. Mjane peke yake ndiye aliyesimama mikono chini, macho wazi, akamwacha mumewe awe alivyokuwa.

Jumapili nilipita pale baada ya kengele. Nilimkuta amesimama penye ua, ametoka kusali, minyaa ikiwa kati yake na binti, kaburi la mumewe miguuni. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika. Nikamwuliza kama hana kinyongo na padri wake, na kanisa lake, na huo ua. "Mume wangu alikuwa mtu wa adabu," alisema. "Alipiga hodi tatu, akaenda zake. Mimi adabu sina, mwanangu. Mimi nitapiga mpaka nifunguliwe, na nikifunguliwa, kitu cha kwanza nitakachouliza ni kwa nini yeye hakuitikiwa."

Nimerudi kwenye meza yangu na maneno hayo, nami ninalipa ahadi niliyokaribia kuivunja: hakutubu. Alikufa kama alivyoishi, akiuliza kuhusu kazi yake. Wala simwoni tena kama mtu aliyekosa dini ya kuchagua, kwa kuwa dini zote zilimjia karakanani na kuketi juu ya mbao zake. Ukimkuta jirani yako ametoka mlangoni, usiwe na haraka ya kumwonyesha mlango wako. Muulize kwanza alisimama pale muda gani. Na akikujibu, mwache akae nawe hivyo alivyo, angali hai, ili siku ya kumzika usije ukahitaji uongo kumpatia pa kulala.