Kamba ya Timazi Uani kwa Mektrida

Mara ya kwanza Mektrida alipotia mguu kwenye yadi ya magari ya Zulfikar, mjini Moshi, hakuulizia gari. Aliulizia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe iliyokuwa imesukumwa kona, nyuma ya matairi.

"Shikamoo mama. Hiyo haiuzwi peke yake," Zulfikar alisema. Ilikuwa inauzwa kabisa, ila yeye alikuwa na kanuni: kinachouliziwa kwanza ndicho kinachotakiwa hasa, na hakitolewi kirahisi.

"Marahaba baba. Basi nitaichukua pamoja na ile kirikuu pale mlangoni. Mimi nakupa Landrova."

Mektrida wa Uru alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akiteremsha mjini maziwa ya akina mama wenzake. Alijifunza kuendesha baada ya dereva wao kulala mpaka maziwa yakaganda kwenye madumu. Wanaume wa kijijini walicheka wiki nzima. Wiki ya pili wakaanza kuomba lifti. Sasa Landrova ilikuwa ikinywa mafuta kuliko ndama anavyonyonya, na Mektrida alitaka kigari kidogo cha mizigo kama ile kirikuu. Zulfikar naye aliitaka Landrova, maana wapeleka wageni mbugani walikuwa wakizigombea. Wabadilishane, basi. Kilichobaki ni nyongeza, yaani ile mashine, na Zulfikar alikusudia ibaki palepale konani.

Mektrida aliikagua kirikuu siku hiyohiyo. Akaizungusha yadi, akavuta breki ya mkono, ikatulia tuli. Akaridhika. Jumamosi ikawa zamu ya Zulfikar kupanda Uru.

Alikwenda na kamba ya timazi mfukoni, ile ya waashi, yenye kipande cha chuma mwishoni. Gari lililowahi kudumbukia mtaroni huweza kupinda ekseli ya mbele, na ekseli ikipinda magurudumu hulala. Mwaka jana alinunua moja la namna hiyo, likamla matairi mapya ndani ya mwezi.

Landrova ilikuwa uani, kati ya zizi na migomba. Zulfikar alichuchumaa kwenye gurudumu la kulia, upande wa bondeni, akashikiza kamba juu ya tairi na kuiacha ining'inie. Chini, kati ya kamba na tairi, vilipita vidole viwili. Gurudumu la kushoto hakulipima. Lilikuwa upande wa lundo la samadi, na viatu vyake vilikuwa vipya.

"Pole, mama," akasema, akijitahidi uso usifurahi. "Ekseli imepinda. Gurudumu limetoa kichwa nje. Kwa urafiki wetu nalichukua hivyohivyo, lakini ile mashine tuisahau."

Mektrida alikuwa ametoka kukamua. Akaiweka ndoo chini, mbele ya viatu vya Zulfikar. Maziwa yakaegemea ukingo mmoja, nusura yamwagike.

"Na ndoo yangu nayo imepinda?"

Zulfikar akavuta viatu vyake nyuma.

"Ngoja nigeuze gari. Ekseli ikiwa imepinda, itabaki imepinda popote nitakapoelekea. La sivyo, ujue ulichopima ni mteremko wa kihamba changu, shamba hili la ukoo, na kihamba hakiuzwi."

Aliligeuza kwa mikono miwili na mdomo mmoja, akiwafukuza kuku. Pua iliyokuwa ikitazama migomba sasa ilitazama geti, na gurudumu la kulia likawa upande wa mlimani, katikati ya samadi.

"Mama, umeliweka kwenye samadi!"

"Ndipo penye nafasi, baba."

Zulfikar akaikanyaga. Safari hii kamba iligusa tairi chini na kuacha vidole viwili juu. Kichwa kilichotoka nje kilikuwa kimeingia ndani, kwa kiasi kilekile. Miaka ishirini ya kupima magari kwenye sakafu ya mjini ilimwishia hapo, miguu ikiwa na joto la ajabu.

"Imenyooka," alikiri.

"Sema kwa sauti, ng'ombe wasikie. Hao ndio wenye mashine."

Magari yakabadilishwa, mashine ikapanda Uru. Jumatatu simu ikaita.

"Zulfikar, kirikuu yako inashuka yenyewe. Nikivuta breki ya mkono, inacheka tu."

"Lakini mama, si uliijaribu mwenyewe?"

"Niliijaribu hapo kwako, palipo sawa kama meza. Nawe ulijua. Nimeiwekea jiwe. Njoo na waya mpya, na uvae viatu vya shamba."

Alikwenda. Landrova aliiuza kabla wiki haijaisha, kwa mwongoza wageni wa Marangu, na alimsifia ekseli kwa kiapo, jambo ambalo hakuwa amezoea. Hasara yake ilikuwa mashine, waya wa breki, na viatu ambavyo mke wake hakuruhusu viingie ndani.

Masika yalipofika, kirikuu ilikataa tope la Uru, na madumu yakabebwa kichwani hadi barabara ya lami. Kwa hilo Mektrida hakupiga simu. Alilijua tangu siku ile yadini, na alikwisha kulipiga hesabu pamoja na mashine: tope ni la miezi mitatu, ng'ombe hula mwaka mzima.