Mahema ya Nderitu, Mdomo wa Shivachi

"Nipeni uwanja wowote, hata wa mawe, na kabla sufuria ya chai ichemke nitakuwa nimewasimamishia nyumba yenye kitanda, choo na bafu!"

Shivachi aliyasema hayo akiwa amepanda juu ya kreti ya soda, kwenye mkutano wa chama cha watu wa Magharibi, katika ploti ya Wacera, mwenye nyumba wake, hapo Kawangware 56. Watu wakapiga makofi. Dada yake mkubwa, Kavetsa, aliyekuwa ametoka Kibera na ndoo ya chapati, alipiga makofi kuliko wote. Ubaya wa kujigamba mbele ya dada ni kwamba dada hasahau.

Na hakuwa anadanganya. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Kila mwaka nyumbu wakipanda kutoka Tanzania kuingia Maasai Mara, kuna wageni wanaotaka kuwafuata nyuma, na kwa kuwa nyumbu hamwambii mtu atalala wapi kesho, kambi nayo lazima ihame. Leo mahema yako hapa, wiki ijayo yamebebwa na lori hadi kule. Anayeyang'oa, kuyakunja na kuyasimamisha tena ni Shivachi na wenzake. Mgeni analipa pesa nyingi sana alale kwa turubai, aende choo cha shimo na aogee maji ya ndoo. Kibera mambo hayo yote yapo, na hakuna anayekupigia saluti.

Amewafuata nyumbu tangu Celine, binti yake, akiwa mgongoni, na hajawahi kuwaona wakivuka mto. Wakivuka, wageni wako mtoni na kamera, yeye yuko kambini anachemsha maji ya kuoga. Akiulizwa nyumbu anafanana vipi, anaweza kukueleza vizuri sana kuhusu mavi yake.

Msimu ukiisha, mahema yanalala stoo, chumba cha nyuma katika ploti ya Wacera. Mwenye kambi, Nderitu, humlipa Wacera kodi ya stoo, na Shivachi hukaa na ufunguo, anashona palipochanika, anangoja kuitwa tena kama kibarua. Ana sheria moja tu, ambayo kila kijana mpya ameipata kwa kelele: "Ukikunja hema likiwa na maji, nitakukunja wewe ndani yake!" Turubai likifungwa na unyevu huota ukungu mweusi, na ukungu huo hautoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Mwaka huu Nderitu alimpigia simu mwezi wa nne. "Shivachi, ukinitolea mahema safi, wewe ndiye mkuu wa kambi. Mshahara wa kila mwezi, nyumbu wawepo wasiwepo." Shivachi alikata simu akaketi kwenye ngazi. Jioni hiyo alimwambia Celine mambo ya ukibarua yameisha.

Halafu mvua ikanyesha. Kule Kibera mto ukafurika, na mto ulipomaliza kazi yake tingatinga za serikali zikaja kumalizia nyumba zilizobaki. Nyumba ya Kavetsa ilikuwa kando ya mto. Alipiga simu akiwa amesimama uwanjani, karibu na shule ya Olympic, na godoro kichwani.

"Shivachi."

"Dada, uko salama?"

"Niko uwanjani. Ni wa mawe kidogo."

Dada akaendelea, "Sufuria ya chai ninayo. Sijui kama utafika kabla ichemke."

"Dada, yale mahema si yangu."

"Hata ile nyumba haikuwa yangu. Watoto wamelowa, Shivachi."

Akakodi pikapu ya kubebea mboga, akatoa mahema matatu stoo bila Wacera kujua. Angeyatupa tu pale kama watu wengine walivyotandaza manailoni yao, pengine hakuna ambaye angeyaangalia mara ya pili. Lakini mikono yake haijui njia nyingine. Aliyapanga kwa mstari, milango yote ikitazama upande wa upepo mwanana, akafunga veranda, akatundika taa. Nyuma ya la Kavetsa akainua ndoo ya bafu kwa kamba, vile vile anavyowafanyia wageni.

"Madam, maji tayari," alisema nje ya turubai.

"Ongeza moto!" Kavetsa akapaza sauti kutoka ndani. "Na uniletee menyu!"

Uwanja mzima ukacheka. Jirani mmoja akauliza simba wanapita saa ngapi. Kavetsa alioga polepole, akatoka amejifunga leso, akasema hajawahi kuchemshiwa maji na mtu tangu azaliwe. Familia tatu zililala humo, wakapika omena, vile vidagaa vyenye harufu kali, kwenye veranda maana nje kulikuwa na mvua.

Zikapita siku chache. Asubuhi moja akaja mtu na mwavuli, akasema uwanja ni wake na una mashindano ya mpira. Nyuma yake kulikuwa na vijana wenye marungu ambao hawakufanana na wachezaji.

"Mzee, tupe tu mpaka jua litoke," Shivachi akaomba. "Haya mahema hayakunjwi yakiwa hivi."

"Basi tutayakunja sisi," akajibiwa, na kijana mmoja akatoa kisu.

Shivachi akayakunja mwenyewe, yakivuja maji, kwa aibu ya mtu anayeiba kwake. Usiku akayarudisha stoo kwa kunyata, na Kavetsa akaenda kulala kwenye veranda ya kanisa.

Angeweza kuyaokoa kwa siku moja ya jua na kamba ndefu. Jua lilitoka mara mbili. Lakini mahali pa kuanika ni uani kwa Wacera, na Wacera akiona mahema nje angempigia Nderitu kabla ya kumaliza kuyahesabu. Shivachi akaamua kungoja Wacera asafiri kwenda kwao kwa harusi mwisho wa mwezi. Lori lilikuwa la mwezi ujao. Muda ulikuwepo.

Nyumbu hawakujua kuhusu harusi. Mwaka huo walipanda mapema, wageni wakataka kambi mapema, na lori likaingia 56 Wacera akiwa bado anachagua kitambaa.

Nderitu alifungua mfuko wa kwanza mwenyewe. Harufu ya ukungu na samaki ikatoka kwanza. Turubai lilikuwa limejaa madoa meusi, na alipolivuta, sehemu ya paa ikabaki mkononi mwake.

"Shivachi, hii ni nini?"

"Mvua, mdosi."

"Mvua imeingia stoo ikapika omena?"

Vijana kwenye lori walicheka. Shivachi akamweleza yote: dada, uwanja, marungu. Nderitu alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomtia Shivachi tumaini, la kijinga.

"Pole kwa dadako," Nderitu akasema. "Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Hapana." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Ufunguo akapewa Austin, kijana aliyefundishwa kukunja hema na Shivachi mwenyewe. Austin hakumtazama. "Pole, mzee," alisema akipanda lori, "ni kazi tu." Wacera alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kama kodi ya nyumba ya mwezi huu bado itakuja kwa wakati.

Lori likaenda kuwafuata nyumbu. Saa hiyo hiyo simu ikalia.

"Kanisa wanataka veranda yao," Kavetsa alisema. "Kuna harambee." Hakutaja sufuria wala chai, na hilo lilimuuma Shivachi kuliko kutajwa.

Akatembea mpaka duka la hadwea hapo steji, akamuuliza mwenye duka bei ya nailoni nyeusi, ile nzito, ya kumsimamishia Kavetsa nyumba.

Mita moja ni shilingi mia na ishirini.