Kona ya Mishubiri

Mtaa mzima ulimwita Shindilia, na jina hilo hakupewa bure. Miaka arobaini alizunguka kwenye misingi ya watu akiwafokea vibarua: "Shindilia hapo! Udongo uliolegea ni mnafiki, leo unakuchekea, kesho unakumeza wewe na nyumba yako." Sasa magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema hivyo waziwazi mbele ya binti yake, na binti akaapa kwamba kujenga chumba cha gari pale nyumbani ndiyo kazi ya mwisho. Jioni ya siku ya kazi, zege likishamwagwa, angemnyang'anya baba yake mwiko wake wa uashi. Maneno ya kumwambia aliyapanga siku tatu.

Maana kumpumzisha mzee yule si mchezo. Binti na mumewe walishajaribu mara nne. Kila mara aliitikia vizuri, "Sawa mwanangu, nimesikia," na kesho yake unamkuta juu ya ukuta wa watu. Mbishi ajabu.

Nyumba waliyoishi, binti, mumewe na mzee, aliijenga mzee mwenyewe kwa mikono yake. Mkwe alikuwa amenunua gari la kubebea mizigo na alitaka kuliongezea chumba ubavuni mwa nyumba. Mzee alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtaro wa msingi wauchimbe, lakini kona ya nyuma, penye mishubiri, asiiguse mtu mpaka yeye awepo. Binti hakushangaa. Tangu utotoni alijua mishubiri ile haichezewi. Mtoto akikanyaga pale, baba yake mpole aligeuka mbogo.

Asubuhi ya kazi mzee aliing'oa mishubiri mwenyewe, mmoja mmoja. Kisha akashika mtaimbo, akaugonga chini. Akasogea hatua, akagonga tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine, nzito, kama ya mtungi mtupu.

"Chimbeni hapa," alisema. "Mtakuta mbao."

Kibarua wao, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alicheka. "Mzee, leo umeanza na kupiga ramli?"

"Chimba, Redio."

Mbao zikatokea, zimeoza. Chini yake kulikuwa na udongo laini, chupa na matambara. Mkwe alitia mtaimbo, ukazama wenyewe karibu wote. Redio alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mkwe alitazama pale ambapo magurudumu ya gari lake yangesimama, jasho likamtoka.

"Baba, umejuaje?" binti aliuliza.

"Nimejua kwa sababu nilifukia mimi." Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini. "Lilikuwa shimo la choo cha zamani. Nilikuwa nalijaza, nimefika nusu, ikaja habari kutoka hospitali kwamba mama yako ameshikwa na uchungu na hali si nzuri. Nikatupia kilichokuwa karibu, nikafunika mbao, nikamwaga udongo, nikakimbia. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nilikuwa nimekupakata wewe."

"Baba, miaka thelathini na mmoja?"

"Mwanzoni nilijisemea kesho. Baadaye nikaona haya. Mimi niliyewafokea watu mji mzima, ningemwambia nani kwamba kwangu sikushindilia? Nikapanda mishubiri ili asijenge mtu, wala asipite mtoto."

 Walilikomba shimo lile mpaka mtaimbo ukaruka kwa ugumu wa ardhi, kina cha mtu mzima hadi kifuani. Kisha wakapanga mawe, wakamwaga zege, wakashindilia, wakapanga tena. Jua lilipopita utosini, mkwe, viganja vimechubuka, akasema, "Baba, msingi wenyewe si tuumwage kesho?"

"Kesho nimeshaisema mara moja," mzee alijibu.

"Na zege halilali," Redio akadakia. Alikuwa amepona.

Binti alikuwa amemwona baba yake akienda kazini na akirudi maisha yake yote, ila kazi yenyewe hakuwahi kukaa akaitazama. Siku hiyo aliitazama. Saruji karai moja, mchanga mawili, kokoto manne. Wakageuza vikiwa vikavu mara tatu mpaka rangi ikawa moja. Mzee akafungua shimo dogo katikati ya rundo, akamimina maji kwa kopo. Redio alitaka kumwaga ndoo nzima ili koleo liteleze.

"Maji mengi ni rafiki wa mvivu," mzee alisema.

Akachota zege, akalifinya, akafungua kiganja. Donge lilisimama, vidole vyote vimejichora, na hakuna tone lililodondoka. Mkono ule ule uliomwaga chai kila asubuhi kwa kutetemeka sasa haukutikisika hata kidogo.  Alikuwa amejipanga kumnyang'anya mtu huyu mwiko, na hakuwa akijua mikono yake inaweza nini.

Karai kwa karai, msingi ulijaa. Mzee alipita juu yake kwa magoti yale mabovu, akichoma zege kwa kipande cha nondo ili hewa itoke, akiupima usawa wake kwa pima maji, akiguna peke yake. Kwenye kona ya mishubiri alikaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Jioni alinawa mikono. Akausugua mwiko hadi ukang'aa, akaukausha kwa shati lake, akamfuata binti mlangoni. Binti akafungua mdomo aanze maneno yake ya siku tatu, lakini mzee alimtangulia.

"Shika," mzee alisema, akamtia mwiko mkononi. "Sikuwa mbishi, mwanangu. Ningepumzika vipi na shimo langu liko vile?" Akavua viatu. "Asubuhi ulimwagilie maji lile zege. Siku saba, usiruke hata moja."

Binti aliamka alfajiri, akajaza ndoo, akamwagilia msingi taratibu kuanzia kona ile. Alipomaliza alipita mlangoni kwa baba yake kumwambia kazi imefanyika. Mzee, ambaye tangu binti amjue hakuwahi kupitwa na alfajiri, alikuwa bado amelala, na alilala hivyo mpaka jua likapanda.