Dod Kinnear Hakuvaa Suruali ya Lastiki

Niliichemsha mimi. Naanza na hilo kwa sababu katika ile nyumba ya wazee ya Dundee, Uskoti, nilikofua nguo kwa miaka kumi na saba, maneno yalizunguka kwamba ni mashine, na wengine wakamsingizia msichana wa wikendi. Kilti ya Dod Kinnear, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa huko, sufu tupu, kitambaa cha yadi nane, ilikuwa imejiviringisha ndani ya shuka za chumba namba sita, nami sikuzikung'uta shuka kabla ya kuzitumbukiza kwenye maji ya moto. Ilipotoka ilikuwa inamtosha mwanasesere.

Nilimpelekea mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Nilimkuta amekaa kitandani na shati lake na soksi ndefu, taulo mapajani, mzee wa miaka themanini na mmoja, mfupi, mwenye masikio makubwa na mikono inayotetemeka. Aliipokea, akaigeuzageuza, akazitazama kamba za ngozi zilizokuwa zimejikunja.

"Binti," akasema, "hii umeifua au umeipika?"

"Nimeipika, Dod. Nisamehe."

"Na chumvi umetia?"

Nikaanza kulia. Akanipa leso yake, akaniambia nikimaliza nimtafutie nyingine, maana tangu astaafu hajavaa kitu kingine kiunoni na hakuwa na mpango wa kuanza.

Hapo ndipo Bi Gowans, meneja wetu, alipoingia. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kanuni, na kanuni zake huzibandika ukutani. Ya kwanza ilisema kila nguo ya mkaazi lazima iweze kuingia mashineni. Ya pili ilisema mkaazi anayejivika nguo mwenyewe atavaa anachotaka, na asiyeweza atavaa kinachomrahisishia mhudumu. Alikuwa amebeba suruali mbili za kijivu zenye lastiki.

"Ni laini sana, George," akasema. Yeye peke yake ndiye aliyemwita kwa jina la cheti. "Unavuta juu tu, basi."

"Kwani mimi mtoto wa chekechea?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Suruali imesema."

Siku tatu hakutoka chumbani. Elspet, binti yake, alikuja akambembeleza, akamwambia nguo ni nguo tu, baba, mbona unajitesa. Uji wake ulirudi jikoni haujaguswa. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia Gowans, nikazikasirikia hata zile suruali zilizokunjwa vizuri juu ya kiti.

Siku ya nne, mapema, nikipita na kikapu changu, nilisikia kishindo mlangoni kwake. Nikafungua. Dod alikuwa sakafuni, chali, mikono pembeni, juu ya blanketi. Nilibonyeza kengele ya dharura kwa ngumi. Wakaja wahudumu wawili mbio, na Gowans nyuma yao akiwa na simu sikioni, anaita gari la wagonjwa.

"Asiguswe," akasema. "George, unanisikia? Unaumwa wapi?"

"Masikio," akajibu Dod kutoka chini. "Mnapiga kelele. Halafu shukeni kwenye blanketi, mnaniharibia marinda."

Ndipo tukatazama vizuri. Alikuwa amelitandika blanketi sakafuni, akalikunja marinda katikati, akapitisha mkanda chini yake na kulala juu. Zamani, kabla ya mafundi kushona kilti, ndivyo watu wa kule walivyovaa: unalala juu ya nguo yako, unajifunika huku na huku, unafunga mkanda, unainuka umevaa. Kila mtoto wa Dundee amesimuliwa na babu yake, na wote waliokuwa mle chumbani walizaliwa hapo isipokuwa mimi. Hakuna aliyekumbuka. Dod akafunga mkanda, akashika kitanda, akainuka polepole, goti moja kisha la pili, akatupita kwenda kula uji.

Gowans alimfuata hadi mezani.

"Blanketi hilo ni mali ya nyumba."

"Kweli kabisa," akasema Dod, akaweka mkono kwenye bizimu ya mkanda. "Lichukue."

Akina mama waliokuwa wakila wakaweka vijiko chini. Bibi mmoja wa meza ya dirishani akageuza kiti chake apate kuona vizuri. Gowans akawatazama akina mama wote wale, akamtazama Dod, akaona hatanii.

"Kula kwanza," akasema.

Walipatana hivi. Dod atapewa mwezi mmoja. Atafute kilti isiyokufa mashineni, aivae mwenyewe kila siku, asimsumbue mhudumu hata mmoja. Siku ya thelathini Gowans atakuja asubuhi kushuhudia kwa macho yake. Akishindwa, ni lastiki mpaka mwisho wa maisha yake. Dod alimpa mkono, na mkono wenyewe ukitetemeka.

Jumamosi tukaenda dukani, yeye, Elspet na mimi. Alikwenda amejifunga blanketi lake.

"Baba, watu wanatazama."

"Waache watazame. Macho ni yao."

Duka lilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi. Ya sufu ilikuwa zaidi ya pauni mia nne. Hizi za polista na viskosi, nyuzi za kiwandani zinazoingia mashineni, zilikuwa pauni arobaini. Elspet alishika pindo la mojawapo kwa vidole viwili.

"Hizi ni za watalii, baba. Za vijana wanaokwenda kulewa harusini. Wewe ni Kinnear. Unataka kutembea Dundee na plastiki?"

Sikuwahi kumwona Dod akimkasirikia binti yake kabla ya siku ile. Hakupaza sauti.

"Nimesokota juti ya magunia kiwandani miaka kumi na tisa," akasema. "Juti ikafa. Wakaleta nyuzi za plastiki, nikasokota plastiki miaka kumi na mitatu, kelele ikala masikio yangu. Viatu vyako vya shule vimetoka kwenye plastiki. Keki ya harusi yako, plastiki. Leo unaishika kama panya aliyekufa?"

Elspet akaliachia pindo. Masikio yake yalikuwa mekundu, na ni makubwa kama ya baba yake.

Basi akachagua, na alichagua kwa ukali kuliko tajiri. Aligeuza kila moja upande wa nyuma: mirabaraba ikififia nyuma, imepigwa chapa tu, anairudisha. Alizipima uzito kwa kuzining'iniza mkononi, kwa sababu nyepesi hupeperuka ukasitirika nusu. Alivuta marinda kuona kama yameshonwa mpaka nyongani au yamepigwa pasi tu kumdanganya mteja. Nane zilirudi kwenye kamba. Ya tisa, ya kijani na buluu, aliikubali.

"Kiuno chake thelathini na nne," Elspet akamwambia mwenye duka. "Suruali ndivyo zinavyosema."

"Suruali hukaa nyongani, mama. Kilti hukaa kitovuni. Pima."

Ikawa thelathini na nane. Elspet akacheka, na Dod akacheka, mambo yakaisha. Kisha urefu. Urefu wa kilti hupimwa ukiwa umepiga magoti, pindo liguse sakafu kidogo tu. Mwenye duka alisema tunaweza kukadiria, kwa magoti yale. Dod alikataa. Alishuka akinishika bega, akitweta, na Elspet akalala kifudifudi kwenye zulia la duka na koti lake zuri kuangalia pindo.

"Nimepiga magoti mara mbili maishani," akasema Dod. "Kwa mama yako, na sasa. Imefika?"

"Imefika, baba," akasema Elspet. Alikaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kufua ilikuwa kazi yangu, na niliapa sitairudia dhambi yangu. Dod alinifundisha. Kila Jumatatu alikuja kwenye chumba cha kufulia na blanketi kiunoni, akakaa kwenye kreti, akapiga bandi: uzi mweupe kupitia chini ya marinda yote ili yasifumuke majini. Sindano ilimchoma, akaitukana, akaendelea. Maji ya baridi, sabuni kidogo, mashine isiikamue. Haikaribii mashine ya kukaushia. Inaning'inizwa kwa kiuno na kwa saa chache imekauka. Pasi ya vuguvugu tu, na kitambaa chenye maji juu yake, la sivyo inang'aa kama kiti kilichokaliwa miaka mingi.

"Kitambaa sina," nilimwambia Jumatatu ya kwanza.

Akaenda chumbani, akarudi na suruali moja ya kijivu.

"Hii pamba yake nzuri. Kata."

Nikakata mguu mzima, na haki ya Mungu, mkasi ulipita kwa raha.

Wiki tatu alijivika vizuri. Ya nne mikono ikamgeuka. Kilti unaizungusha, unaushikilia upande wa juu, na papo hapo unafunga bizimu tatu. Mikono yake sasa ilikuwa inaweza kazi moja tu. Akishika kitambaa, kamba inamtoroka. Akishika kamba, kilti yote inaanguka miguuni. Nilimsikia kupitia mlango, ikianguka, anaiokota, inaanguka. Alichelewa kifungua kinywa kila siku na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya siku ya thelathini nilikwenda kwake mapema.

"Nikushikie upande mmoja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Ukinigusa nimeshindwa. Toka nje, binti."

Nilitoka, nikasimama ukumbini na kikapu kisicho na kitu. Ikaanguka mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha sauti ya kitu kinachoburutwa. Gowans akaja na daftari lake. Hakubisha hodi, akafungua.

Dod alikuwa sakafuni, chali.

Kitufe cha kengele kiko karibu kabisa na mlango. Mkono wa Gowans ulipanda wenyewe, kidole kikakigusa. Nami nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa tayari kumkamata mkono huo, kazi ipotee ikipotea.

Dod hakumtazama. Kilti ilikuwa imetandikwa chini yake, marinda katikati. Sakafu ilikuwa inamshikia upande mmoja bila kuomba ruhusa ya mtu. Alivuta kitambaa cha kulia juu ya tumbo, akakikandamiza kwa kiwiko, na kwa mikono yote miwili akaanza kuwinda bizimu ya kwanza. Ilichukua muda. Ya pili ikachukua muda mrefu zaidi. Kidole cha Gowans kikatoka kwenye kitufe.

"George," akasema. "Dod. Rinda moja limejikunja upande wa kushoto. Ukifunga sasa litabaki hivyo."

Dod akainua nyonga, akalivuta, akafunga bizimu ya tatu. Akashika kitanda, akainuka, goti moja kisha la pili, wala hakuna aliyempa mkono. Akajitazama kwenye kioo, akajisawazisha pindo.

Gowans aliandika kitu kwenye daftari. "Zile suruali mbili zirudi stoo, basi," akasema.

"Moja iko pale kwenye kiti, haijavaliwa," akasema Dod akimpita mlangoni. "Nyingine muulize huyu binti. Ipo kazini kila Jumatatu."