Nilimnyima Mlango Siku Aliyopata Ajali

Admin, naomba unifichie jina, maana majirani zangu husoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 34, nina watoto wawili, naishi Tunduma. Mficha uchi hazai, leo nasema.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kipindi kile cha korona madereva walikuwa wanakaa foleni upande wa Zambia siku tano, sita, wakisubiri majibu ya vipimo, na mtaani kwetu walisemwa kwamba wao ndio wanaoleta ugonjwa. Mimi nilikuwa na kichanga cha miezi miwili. Nilijifukiza nyungu asubuhi na jioni kwa woga.

Siku hiyo alivuka mpaka, akapaki lori, akaja nyumbani mchana macho mekundu. Nilikuwa nimeshafunga komeo. Akasimama dirishani akasema, "Mama Atu, nifungulie nilale kidogo tu. Leo siku ya tatu sijalala."

Nikamjibu nikiwa ndani, "Baba Atu, kalale kwenye gari. Mtoto bado mchanga."

Hakubisha. Yule mwanaume hajawahi kubishana na mimi, laiti siku ile angebisha. Nilikuwa nimemwekea ugali na maharage nje kwenye kigoda. Akala, akaosha sahani mwenyewe kwa sabuni ili nisiogope kuishika, akaondoka. Nilijua anakwenda kulala. Kumbe bosi wake alikuwa anampigia simu mzigo uwahi Dar, na siku zile magari yalikuwa machache barabarani, kila dereva anakimbiza. Saa kumi jioni nikaambiwa ameanguka na lori mteremko wa Senjele, njia ya Mbeya. Trafiki walisema hapakuwa na alama ya breki, alisinzia.

Uti wa mgongo uliumia, hatembei tena. Kichwa nacho kiliumia, siku ile yote imemfutika. Alipozinduka hospitalini aliniuliza kama alipita nyumbani. Mama yake, aliyekuwa ametoka Ileje, amekaa pale pale ananitazama. Nikasema, "Ulipita, ukalala vizuri kitandani kwako." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu huu ni mwaka wa sita.

Tangu hapo anajilaumu yeye. Kanisani huwaambia vijana wanaoendesha malori, "Wenzangu walifungiwa milango na wake zao. Mimi wangu alinipokea, nikalala, na bado nikazembea." Watu hunigeukia kwa upendo, mimi natazama viatu vyangu. Sasa mchungaji anataka Jumapili hii nisimame naye mbele, nieleze nilivyompokea.

Juzi nilikuwa namgeuza kitandani, akaniuliza siku ile alikula nini. Nikamwambia ugali na maharage. Ndilo neno pekee la kweli nililowahi kumwambia kuhusu siku hiyo. Akacheka, akasema, "Basi ndiyo maana nilisinzia. Nilishiba sana nyumbani."

Nilitoka nje nikalia hadi mtoto akanifuata. Nikisema ukweli naogopa nitammaliza, maana kitu alichobaki nacho cha kujivunia ni mimi. Nikinyamaza, atabeba kosa langu mpaka kaburini akidhani ni lake. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mnishauri: Jumapili nikipewa kipaza sauti, yeye akiwa pembeni yangu kwenye kiti chake cha magurudumu, niseme nini?